MZEE AKIVUNJIKA NYONGA, TUSIMWACHIE KITANDA

Juma hili ninataka tuzungumze juu ya jambo linalotokea karibu katika kila mtaa wa mji wetu, lakini ambalo husikika kwa maneno machache tu, tena msibani: "Alianguka, akalala, hakuinuka tena."

Maneno hayo tumeyazoea. Tunayasema kana kwamba jambo la kwanza lazima lilete la pili, na la pili lazima lilete la tatu. Leo nitajaribu kueleza kwamba sivyo. Mzee kuanguka ni ajali. Kulala bila kuinuka, mara nyingi, ni uamuzi wetu sisi tuliomzunguka.

Nitaanza na habari ya nyumbani kwangu, maana si vizuri kuwahubiria wengine na wewe mwenyewe una deni. Miaka kadhaa iliyopita shangazi yangu, dada wa marehemu baba, alikuwa na umri wa miaka 74. Aliishi Kariakoo, katika nyumba ya vyumba sita yenye ua nyuma, na kila Ijumaa asubuhi alikuwa na desturi ya kwenda Feri mwenyewe kununua samaki. Tulimshauri mara nyingi atume mtoto. Jibu lake lilikuwa moja: mtoto hatazami jicho la samaki, atauziwa wa juzi.

Anayelijua soko la Feri anajua palivyo pale wapara samaki wanapofanyia kazi. Magamba, utumbo na maji ya barafu vimetapakaa chini, na sakafu inateleza kama iliyopakwa sabuni. Shangazi alikuwa ameshanunua vibua vyake. Akawa anampisha kijana aliyebeba tenga kichwani, mguu ukateleza, akaangukia ubavu wa kulia. Hakuanguka kutoka juu ya mti wala ngazi. Alianguka kimo chake mwenyewe tu. Vijana wa pale, Mungu awabariki, walimkimbilia. "Pole, mama, pole sana. Simama taratibu." Hakuweza kusimama. Wakampakia kwenye bajaji, na kwa kuwa yeye mwenyewe alisema anataka kwenda nyumbani, wakamleta nyumbani.

Hospitali iliyo karibu kabisa na Feri ni ile ya Ocean Road, jengo la Wajerumani la mwaka 1897, lakini siku hizi hiyo ni taasisi ya saratani. Madaktari wa mifupa wako kule Upanga, Muhimbili, na katika hospitali nyingine za mji. Hakuna iliyokuwa mbali. Hatukwenda.

Wakubwa wa ukoo walipofika walisema ni kuteguka. Akaitwa mzee mmoja anayesifika kwa kuchua, akaja na mafuta yake ya karafuu. Shangazi alilia kwa maumivu, nasi tukasema dawa inaingia. Usiku wa nne alianza kuweweseka, akimwita mumewe aliyekufa miaka mingi nyuma. Palikuwa na aliyesema ni jini la pwani, limemkuta hukohuko Feri. Siku ya saba binti yake, alipokuwa akimgeuza kumwosha, aliona ngozi ya juu ya kifandugu imebadilika rangi na imeanza kutoa maji.

Siku ya nane alikuja kumjulia hali jirani yetu mmoja, muuguzi mstaafu. Hakumbinya popote. Alifunua shuka, akaitazama miguu yote miwili ilivyolala, akaniambia: "Mwanangu, mguu huu ni mfupi kuliko mwenzake, na vidole vinatazama ukutani. Hapa hapakuteguka kitu. Mmekaa na mfupa uliovunjika siku nane."

Sikuwa na la kujibu. Ni mimi niliyesema, siku ile ya kwanza, kwamba mzee aachwe apumzike kwanza, tuone.

Sasa hebu tuangalie kilichotokea ndani ya nyonga ya shangazi. Mfupa wa paja, kwa juu, haukunyooka kama mpini wa jembe. Umepinda, na mwisho wake una kichwa cha mviringo kilichoingia katika kikombe cha mfupa wa kiuno. Kati ya kichwa hicho na mfupa wenyewe pana shingo, na uzito wote wa mwili hupitia katika shingo hiyo kila tunapopiga hatua. Ujanani shingo hiyo ni imara. Uzeeni mifupa hupungukiwa madini, na kwa akina mama hupungukiwa kwa kasi zaidi baada ya hedhi kukoma. Kwa nje mfupa unaonekana uleule. Kwa ndani umekuwa kama ubao ulioliwa na mchwa. Ndiyo sababu kijana anaweza kuanguka Feri mara tatu akaondoka na aibu tu, lakini mzee akaanguka mara moja akavunjika.

Mvunjiko wa nyonga uko wa namna mbili kubwa, na tofauti yake ina maana katika matibabu. Namna ya kwanza ni ule wa shingoni, ndani ya mfuko wa kiungo. Mishipa midogo inayopeleka damu kwenye kile kichwa hupita hapo hapo shingoni. Shingo ikikatika, mara nyingi mishipa nayo hukatika, na kichwa hubaki kama embe lililokatika kikonyo: linaonekana zima, lakini halipati chakula tena. Mvunjiko wa namna hii, ukiwa umeachana, hauungi vizuri hata mgonjwa akilala mwaka mzima. Kwa mzee, madaktari kwa kawaida hukitoa kichwa hicho na kuweka cha chuma. Si jambo geni. Mpasuaji wa Kimarekani, Austin Moore, alikuwa akishughulikia vyuma vya namna hiyo tangu miaka ya 1940 na 1950, na chuma chenye jina lake kimetumika duniani kote tangu wakati huo.

Namna ya pili ni mvunjiko ulio chini kidogo ya shingo, nje ya mfuko wa kiungo. Hapo damu ipo ya kutosha na mfupa unaweza kuunga. Tatizo ni kwamba misuli ya paja ina nguvu, inavivuta vipande, na mguu unafupika na kupinda. Kwa hiyo vipande hushikwa kwa skrubu kubwa na bamba la chuma, au kwa chuma kirefu kinachoingizwa ndani ya mfupa.

Katika namna zote mbili mtaona kwamba kuchua hakuna nafasi. Simdharau mzee wa kuchua. Wapo mafundi wa kienyeji ambao wamefunga mikono ya watoto kwa banzi za mianzi na ikapona. Lakini mkono unaonekana na kushikika. Nyonga imefichwa chini ya misuli minene, na kila anayeikanda anavisugua vipande viwili vya mfupa. Plasta ile nyeupe ya hospitali nayo haisaidii hapa, kwani haiwezi kuishika nyonga ya mzee.

Zamani, na mahali pengine hata sasa, njia iliyobaki ilikuwa kumlaza mgonjwa chali, mguu ukafungwa kamba, kamba ikapitishwa kwenye kigurudumu mwisho wa kitanda na kuning'inizwa uzito wa kuuvuta mguu. Waliokwenda kutazama wagonjwa katika wodi za mifupa wameiona hali hiyo. Kijana aliyevunjika paja anaweza kuvumilia majuma 8 au 12 ya namna hiyo, akainuka na kwenda zake. Mzee ni habari nyingine, na hapa ndipo penye kiini cha mazungumzo yangu.

Mzee akilala chali siku nyingi, mapafu yake hayapanuki vizuri, makohozi hubaki chini, na baada ya siku chache huja kichomi. Ngozi yake ni nyembamba. Ikibanwa kati ya mfupa na godoro kwa saa chache tu bila kugeuzwa, hukosa damu na huanza kufa, na hapo ndipo vidonda vya mgongo na visigino vinapoanzia. Damu ya miguuni, kwa kuwa miguu haisogei, huweza kuganda ndani ya mishipa, na donge moja likisafiri hadi kwenye mapafu linaweza kuua ghafla. Mkojo hautoki wote, na maradhi ya njia ya mkojo huingia. Misuli hupungua kila siku, hata mfupa ukija kuunga, mwenye mguu hana nguvu ya kuutumia. Na akili nayo huyumba. Maumivu, kukosa maji, kichomi, joto la mkojo, mahali pageni na usiku bila usingizi humfanya mzee aweweseke, asijue mchana wala usiku. Lile lililosemwa kwetu kuwa jini ni dalili ya ugonjwa. Ukiliona, mwite daktari, mpe mgonjwa maji, ukaulize maumivu yake yametulizwa kwa dawa gani.

Basi tunaposema "mzee alivunjika nyonga akafa", mara nyingi mfupa wenyewe haukumuua. Kilichomuua ni kitanda.

Tulipomfikisha shangazi hospitali, picha ya eksirei ilionyesha yale aliyoyasema jirani yetu bila mashine: shingo ya mfupa wa paja imekatika. Daktari akatueleza kwamba anahitaji upasuaji. Jioni ile ukoo ukakaa ukumbini kwa shangazi. Baba mkubwa akasema maneno ambayo najua yanasemwa katika nyumba nyingi: "Mtu wa miaka 74 mnampasua wa nini? Nusukaputi yenyewe itamuua. Mwacheni amalize siku zake kwa amani."

Ni maneno ya huruma, na hofu yake si ya bure. Mvunjiko wa nyonga ni ugonjwa mzito. Hata katika nchi tajiri, ambako karibu kila mgonjwa wa namna hii hupasuliwa, katika kila wazee 100 waliovunjika nyonga, kati ya 20 na 30 hufariki kabla mwaka haujaisha. Lakini tuulize swali la pili: asipopasuliwa, je? Amani iko wapi kwa mtu asiyeweza kugeuzwa bila kupiga kelele, anayejisaidia kitandani, na anayesubiri kichomi? Upasuaji wa nyonga kwa mzee shabaha yake ya kwanza ni kuondoa maumivu na kumtoa kitandani. Kuhusu dawa ya usingizi, mara nyingi si lazima mgonjwa alazwe usingizi mzito. Anaweza kuchomwa ganzi ya mgongoni ikafa sehemu ya chini tu, naye akawa anazungumza. Wapo wachache ambao hali yao ni mbaya mno na daktari ataona wasipasuliwe. Hilo ni la daktari kulipima kwa vipimo, na hata hao wana haki ya dawa ya kutuliza maumivu na ya kugeuzwa kila baada ya saa chache. Umri peke yake hautoshi kuwa sababu.

Swali linalofuata ni la wakati. Huko Uingereza, katika mji wa Hastings, mpasuaji Michael Devas na daktari wa wazee R. E. Irvine walianza zamani, miaka ya 1950 na 1960, kuwahudumia wagonjwa hawa pamoja: mmoja akitengeneza mfupa, mwingine akitazama moyo, mapafu, sukari na akili ya mzee mwenyewe. Wazo hilo lilichukua miaka mingi kuenea. Mwaka 2007 Waingereza walifungua daftari la taifa la kuandika kila mzee aliyevunjika nyonga, na mwaka 2010 serikali yao ikaanza kuzilipa zaidi hospitali zilizompasua mgonjwa ndani ya saa 36 na kuhakikisha ameonwa na daktari wa wazee. Mwaka 2007 wagonjwa karibu 11 katika kila 100 walikuwa wakifariki ndani ya siku 30. Kufikia mwaka 2011 walikuwa wamepungua hadi kati ya 8 na 9. Mifupa ya Waingereza haikubadilika katika miaka hiyo minne. Kilichobadilika ni utaratibu.

Mtu anaweza kuuliza kama basi tukimbizane na saa. Mwaka 2020 yalitolewa matokeo ya utafiti uliohusu wagonjwa karibu 3,000 katika nchi 17. Kundi moja lilipangiwa kupasuliwa ndani ya saa 6 hivi baada ya ugonjwa kutambuliwa, kundi jingine kwa utaratibu wa kawaida wa hospitali hizo, yaani kama saa 24. Idadi ya waliofariki haikutofautiana kwa kiasi cha kutiliwa maanani, ingawa waliowahi zaidi hawakuweweseka sana na walisimama mapema. Funzo kwetu ni kwamba hatuna haja ya kukata tamaa kwa kuwa hatuwezi kupasua ndani ya saa 6. Wenzetu wanabishana juu ya saa 6 na saa 24. Sisi tunazungumza juu ya siku 8 za nyumbani na siku nyingine za hospitalini, na hakuna anayebishana kwamba siku hizo zinaua.

Nimesema siku za hospitalini, kwa sababu shangazi alingoja wodini siku 9 zaidi. Hospitali hiyo sitaitaja, na sidhani kwamba waliokuwapo walikuwa watu wabaya. Nilizihesabu siku hizo zilikokwenda. Siku 2 zilikwenda katika kusubiri vipimo vya damu na picha ya moyo. Siku 3 zilikwenda katika kutafuta fedha, maana tuliambiwa chuma tukinunue wenyewe. Siku 1 ilikwenda katika kutafuta ndugu wa kuchangia damu. Na siku 3 za mwisho aliandikwa katika orodha ya upasuaji, akaambiwa asile wala asinywe tangu usiku wa manane, na kila ilipofika alasiri aliambiwa ale, kwani leo haiwezekani. Chumba cha upasuaji kilikuwa kimeshikwa na majeruhi wa pikipiki. Hakuna wa kumlaumu daktari anayemkimbilia kijana anayevuja damu. Lakini mzee anayefungishwa namna hiyo siku 3 mfululizo anakauka maji na kuishiwa nguvu, na kesho yake si mgonjwa yuleyule wa jana.

Yapo mambo ambayo hospitali inaweza kuyafanya bila kungoja mashine mpya kutoka ng'ambo. Mzee aliyeanguka na kushindwa kusimama apate dawa ya maumivu mara anapofika mapokezi. Awekwe wa kwanza katika orodha ya asubuhi. Ikionekana mapema kwamba zamu yake haitafika, aruhusiwe kunywa maji. Ageuzwe, na visigino vyake viinuliwe visiguse godoro. Na siku inayofuata baada ya upasuaji aketishwe na kusimamishwa na mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Mfupa ukishashikwa na chuma, kumrudisha mzee kitandani "apumzike" ni kuirudisha hatari ileile tuliyolipa fedha kuiondoa.

Utaalamu hapa nchini upo. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliundwa kwa Sheria ya Bunge Na. 7 ya mwaka 1996. Kule Moshi, hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, imefundisha wataalamu wa mifupa na wa viungo kwa miaka mingi. Kwa upande wa vyuma, lipo shirika la SIGN, lililoanzishwa mwaka 1999 na mpasuaji Lewis Zirkle huko Richland, Marekani, ambalo huzipa hospitali za nchi zenye uwezo mdogo vyuma vya mifupa mirefu vilivyobuniwa vitumike hata pale chumba cha upasuaji kisipokuwa na eksirei. MOI ni miongoni mwa zilizovitumia. Kwa hiyo elimu na njia tunazo. Linalopungua ni kumwona mzee aliyevunjika nyonga kuwa ni mgonjwa wa haraka.

Pengine tumechelewa kumwona hivyo kwa sababu ya imani ya zamani kwamba Mwafrika havunjiki nyonga. Mwaka 1968 daktari Louis Solomon aliandika kwamba mvunjiko huu ulikuwa haba sana kwa Waafrika weusi wa Afrika Kusini. Lakini hesabu mpya zilizotolewa nchini humo mwaka 2020 zilionyesha wagonjwa wengi kuliko ilivyodhaniwa. Tusisahau kwamba asiyefika hospitali hahesabiwi, na kwamba wazee wenyewe wanaongezeka. Sensa ya mwaka 2012 ilikuta Tanzania ina watu wenye miaka 60 na zaidi wapatao milioni 2 na nusu. Sensa ya mwaka 2022 ilikuta wanakaribia milioni 3 na nusu.

Kisha lipo suala la fedha. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa ni mtu wa miaka 60 na kuendelea, na msimamo wa serikali ni kwamba mzee asiye na uwezo atibiwe bila malipo. Mwaka 2023 Bunge likapitisha sheria ya bima ya afya kwa wote. Haya ni mambo ya kushukuru. Lakini kumwona daktari bure halafu ukaambiwa ukanunue chuma ni sawa na kupewa nauli ya pantoni ukaachwa upande wa pili bila ya kushuka. Kwa mgonjwa wa nyonga, chuma ndiyo dawa yenyewe. Wanaopanga huduma za wazee na za bima wakihesabu chuma hicho kuwa ni sehemu ya matibabu, kama wanavyohesabu vidonge vya shinikizo la damu, watakuwa wamezipunguza zile siku 3 zilizotupotea sisi kwenye kuchangishana.

Kwa upande wetu wa nyumbani, yapo ya kukumbuka. Mzee akianguka na kushindwa kusimama, au akilalamika maumivu ya kinena au paja, asikandwe na asilazimishwe kutembea. Tazameni miguu: mmoja ukiwa mfupi na wayo umegeukia nje, nyonga imevunjika mpaka eksirei iseme vinginevyo. Na hata miguu ikiwa sawa, maumivu yakiendelea apigwe picha, kwani mwingine huvunjika vipande vikang'ang'aniana na akajikokota siku mbili tatu. Mbebeni amelala juu ya ubao au godoro gumu, mto kati ya miguu, mkampeleke siku hiyohiyo. Chukueni dawa zake zote anazozitumia, daktari azione. Ndugu wa kuchangia damu waende mapema bila kungoja kuitwa. Na mnaouguza, kazi yenu haiishii kwenye kupeleka uji. Mgeuzeni, mketisheni, mpeni maji, mvalisheni miwani yake, zungumzeni naye ajue leo ni siku gani.

Tena tusingoje avunjike. Tumezoea kusema ajali haina kinga, lakini sakafu yenye maji kinga yake ni kuikausha. Taa ya njia ya chooni usiku, kishikio ukutani mwa choo cha kuchuchumaa, ndala zisizolika visigino, na mkeka usiokunjamana ni vitu vya bei ndogo. Mzee mwenye mtoto wa jicho apelekwe akatolewe. Anayepata kizunguzungu anapoinuka aulize kuhusu dawa zake za shinikizo. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao, maziwa, mboga za majani, jua la asubuhi na kutembea kila siku huisaidia mifupa. Na wakubwa wa masoko yetu wangeona kwamba pale samaki wanapoparwa maji yana mfereji wa kupita, wangewaokoa akina mama wengi wasiojulikana majina.

Shangazi alipasuliwa siku ya 17 tangu aanguke. Kesho yake alikuja binti mmoja, mtaalamu wa mazoezi, na fremu ya chuma ya miguu minne. "Shikamoo, bibi. Leo tunasimama." Shangazi akamtazama. "Mjukuu wangu, na nikianguka?" "Ukianguka, bibi, tunaanguka wote." Akasimama. Nyonga haikumsumbua tena kwa kiasi kikubwa. Kilichomsumbua ni kile kidonda cha kifandugu, ambacho kilichukua miezi mitatu kufunga. Kidonda hicho hakikutoka Feri. Tulimtia sisi, kwa siku zile nane za kumwacha apumzike.

Aliishi miaka minne zaidi, akitembelea mkongojo uani kwake. Feri hakurudi. Alinituma mimi, na kila Ijumaa nilipofika alifunua kapu, akamtazama samaki jicho, akaniambia nimeuziwa wa juzi.

Ndugu wasikilizaji na wasomaji, kwa leo naishia hapo. Tuwatazame wazee wetu wanavyotembea, na akianguka mmoja wao, tumwinue hadi hospitali siku hiyohiyo. Tukijaliwa, tutazungumza tena juma lijalo.